Sikuwa Mgonjwa, Nilikuwa Mlimani

Nyumbani kwetu Malaba, pombe ya wimbi hunywewa kutoka chungu kimoja. Sisi Wateso tunaiita ajono. Chungu huwekwa katikati, maji moto humiminwa juu ya kimea, na watu hukaa wakikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, au wawili kwa mrija mmoja kama wanaelewana sana. Shangazi yangu, dada ya baba, hakukaa hapo. Alikuwa na chungu chake mwenyewe, kidogo, cheusi, kilichomeguka mdomo, na alikaa nacho karibu na ukuta wa jikoni akinywa peke yake. Nilizaliwa nikakuta hivyo. Nilipofika umri wa kuuliza niliuliza, na mama akanijibu kwa sauti ya chini kwamba shangazi ana kifua.

Kifua, kwetu, ni kile kifua kikuu. Watu hawakulitamka jina lote, kana kwamba lingesikia likaja. Na msidhani alitukanwa. Hakuna aliyemtukana hata siku moja, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: alitengwa kwa adabu. Kikombe chake kilioshwa peke yake, kwa adabu. Akimwekea mkono mtoto mchanga, mama wa mtoto alikuja mbio akitabasamu, "Shangazi, lete nimbadilishe nepi," na nepi ilikuwa kavu. Hakuolewa. Hakuzaa. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, kwa sababu serikali ilimpima ikamkuta mzima ikamwajiri, lakini kijiji chetu hakikuwa na shughuli na vipimo vya serikali.

Kitu kimoja zaidi alinyimwa. Kwetu mtoto hupewa jina kwa kidole. Mwanamke mkubwa wa ukoo huchovya kidole kwenye ajono, akakitia kwenye mdomo wa mtoto huku akitaja jina, na mtoto akinyonya, jina limekubaliwa. Baba yangu hana dada mwingine. Kidole hicho kilistahili kuwa cha shangazi. Kila mtoto alipozaliwa, wakaita jirani, wakaita binamu wa mbali, wakaita hata mke wa katekista, na yeye akakaa pale ukutani na chungu chake akitazama.

Na mimi, katika maisha yangu yote, sikuwahi kumsikia akikohoa.

Niliolewa upande wa Bukhayo, na tangu mume wangu atutoke nauza vitabu kuukuu mjini Busia, kwenye kibanda cha mabati kisicho mbali na mpaka. Vitabu huja kwa magunia, vimechanganywa na viatu na mikoba ya mitumba. Wateja wanataka vitabu vya shule na Biblia. Vinavyobaki nasoma mimi, maana mvua ikinyesha hakuna anayenunua kitu na siwezi kukaa nikihesabu malori yanayongoja kuvuka.

Katika gunia moja nilikuta kitabu cha Kiingereza kilichong'oka jalada. Kilikuwa na maandishi ya wanawake wa Ulaya wa zamani, wale wa kwanza kwanza kupanda milima, enzi za taa za mafuta na sketi za kufagia ardhi. Nilicheka peke yangu. Mtu ana nyumba, ana kitanda, ana chai ya moto, halafu anaondoka kwenda kulala kwenye theluji! Nikasema haki, hawa hawakuwa na shamba la kupalilia. Lakini nilisoma. Nikasoma tena. Kulikuwa na kitu kwenye namna yao ya kuandika kilichonishika, ile tabia ya kuomba radhi kila baada ya kurasa chache. Mwanamke amefika kileleni, vidole vimekufa ganzi, na bado anamshukuru mume kwa kumruhusu, anamshukuru kaka kwa kumsindikiza, anasema yeye alifuata tu nyuma. Wabeba mizigo nao hawana majina kabisa. Nilikuwa nakasirika mpaka nafunga kitabu, kisha nakifungua.

Nikampelekea shangazi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, hasomi tena, na mwalimu asiyesoma ni mtu wa kuhurumiwa. Ikawa Jumapili baada ya misa naenda Malaba, tunakaa mlangoni kwake, mimi nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kumsimulia kwa Kiswahili, pengine kwa Kiteso nikikwama. Kutoka mlangoni pale unaliona jabali la Tororo ng'ambo ya mpaka, kubwa, limesimama kama limekuja kutudai. Upande wa pili, asubuhi ikiwa safi, unauona Mlima Elgon.

Nilidhani atasinzia. Ala! Alikuwa msikilizaji mkali.

"Huyo anadanganya," alisema nilipomsomea mmoja aliyesifia mapambazuko. "Hapo alikuwa anatetemeka. Mtu akitetemeka hasifii rangi ya mawingu."

"Wewe umejuaje, shangazi?"

"Soma."

Nilisoma. Nikafika mahali wanapoeleza habari za sketi. Waliondoka kijijini wamevaa sketi zao kama wanawake wenye heshima, na chini yake suruali. Wakishapita nyumba ya mwisho, wanajificha nyuma ya jiwe, wanavua sketi, wanaikunja. Wakirudi wanaivaa tena kabla mtu hajawaona. Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, machozi yakamtoka, na mimi nikacheka tu kwa kumwona yeye akicheka.

"Kumbe hata wao!" alisema. "Kumbe hata wao, mama yangu!"

"Hata wao nini?"

Alijifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Nikaendelea mpaka mahali mmoja wao anasimulia jinsi ndugu walivyomwonya kwamba mlima utamharibu mwili, na alivyorudi salama, watu wakaamua kwamba basi shida iko kichwani, ni mgonjwa. Hapo shangazi akanishika mkono.

"Simama hapo," alisema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Na mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mlimani."

Nilimwangalia. Alikuwa ameelekeza uso kwenye Elgon, ingawa najua hakuwa anauona.

Alinieleza taratibu, kama mwalimu anayeandika ubaoni. Alipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu wao wa Jiografia, mwanamke Mzungu mwenye miguu mirefu na hasira za karibu, alisema hatafundisha mlima kwa picha wakati mlima wenyewe upo dirishani. Akachukua wasichana waliotaka kwenda. Shangazi alitaka. Lakini likizo hiyo hiyo watu wa mchumba wake walikuwa waje nyumbani kumwona na kuzungumza mambo ya mahari, na babu yangu alikuwa mtu ambaye ukimwambia unaenda mlimani na suruali, utaenda ukiwa na mgongo uliovimba. Akamwambia kaka yake tu. Kaka yake ndiye baba yangu. Baba akampa suruali yake ya shule, akasema, "Nenda. Mimi nitajua la kusema."

Wageni walifika kabla ya siku iliyotegemewa. Bibi harusi hayupo. Wazee wamekaa, ajono imewekwa, mirija imeingia chunguni, na babu anauliza kwa sauti ile yake, binti yuko wapi? Baba alikuwa kijana tu. Akafungua mdomo akasema yuko hospitali ya ng'ambo, amelazwa, kifua.

Alidhani amemwokoa. Mgonjwa huhurumiwa, mgonjwa hachapwi, mgonjwa husubiriwa. Wageni walisema pole. Wakanywa kidogo, wakaaga kwa heshima zote, wakaenda. Hawakurudi. Nani atampelekea mwanawe mke mwenye kifua? Angewaambia amepanda mlima wangeudhika, wangedai kuombwa radhi, labda wangecheka, kisha mambo yangeendelea. Hilo la kifua halikuwa na dawa. Na kana kwamba shetani mwenyewe alikuwa amepanga, shangazi akashuka kutoka kwenye ile baridi amekonda, midomo imepasuka, sauti imekauka, na anakohoa. Alikohoa wiki ile yote. Kijiji kizima kilisikia.

"Na wewe ukanyamaza?" Nilikuwa nimesimama. Hasira yangu huwa inanisimamisha kabla sijajua. "Maisha yote haya ukanyamaza, shangazi?"

"Baba yetu angemfukuza. Alikuwa amesema uongo mbele ya chungu, mbele ya wazee. Angekwenda wapi, kijana yule?" Akapapasa kitambaa chake. "Nilisema nitangoja mzee afe. Mzee akafa, kaka yangu akawa ndiye mzee. Nikangoja tena."

"Ukingoja nini?"

"Yeye aseme."

Naomba nieleze jambo hili kwa wasio wa kwetu. Maneno yanayosemwa watu wakiwa na mirija mdomoni yana uzito wake. Mashamba yamegawanywa hapo, ndoa zimefungwa na kufunguliwa hapo. Baba yangu amezeeka akiwa mtu wa kuitwa kila palipo na ugomvi wa mpaka wa shamba, na akisema jiwe lilikuwa hapa, watu wanalirudisha jiwe hapo bila kubisha. Mtu wa namna hiyo atasemaje kwamba uongo wake wa kwanza mkubwa aliusema mbele ya chungu? Naelewa. Kuelewa hakukunizuia kukasirika.

Mwaka huo miguu ya shangazi ilikuwa imeanza kuvimba. Daktari alishasema ni moyo, umechoka, na kwamba tumpe raha. Yeye mwenyewe alilisema vizuri zaidi. "Sasa ndiyo ninaumwa kweli," aliniambia. "Nitakufa na ugonjwa wangu. Sitaki kuzikwa na ule wa kaka yangu." Kisha akagonga kile kitabu kilichong'oka jalada kwa kidole. "Hawa waliandika wenyewe. Wewe una mkono na una kalamu. Andika, halafu usome mbele ya watu, nami nikisikia."

Tukaandika. Yaani yeye akasema nami nikaandika, na tukagombana kila Jumapili. Mimi ni mtu wa vitabu, nina maneno mengi ya kupamba. Nikaweka kwamba mlima ulijitanda kwa fahari. Aliposomewa akakunja uso.

"Fahari ya nani? Futa. Weka kwamba nilikuwa na baridi."

Nikaweka kwamba moyo wake uliruka kwa furaha ya ushindi. "Ushindi? Nilikuwa nimeshindana na nani, wewe nawe? Mlima haukuniambia kitu. Futa hiyo." Nikataka kuweka jinsi alivyomshukuru kaka yake kwa kumruhusu. "Hakuniruhusu," alisema. "Alinipa suruali. Andika suruali." Nilijifunza kuandika kwenye kigoda cha mlangoni pale kuliko nilivyojifunza darasani. Maneno yangu yote makubwa alikuwa anayachambua kama anapeta wimbi, makapi yanaenda na upepo.

Kabla ya kusoma nilimwendea baba. Sikutaka kumvizia mzee wangu. Nilimkuta uani akichonga mpini wa jembe, nikamwambia wazi, baba, shangazi amenieleza habari za mlima. Panga lilisimama hewani.

"Akishakufa mtaandika mnavyotaka," alisema.

"Anataka asikie akiwa hai."

"Watu wamesahau hayo mambo."

"Wamesahau! Baba, jana tu mmemwekea chungu chake ukutani!" Nilikuwa naongea na baba yangu vile sikuwahi kuongea naye. "Kila siku anakunywa ule uongo wako, na wewe unamwona."

Aliendelea kuchonga. Mpini ule uliharibika, nilikuja kuuona umetupwa kwenye kuni. Hakunikataza. Hakunikubalia pia. Niliondoka nikijua kwamba kama nitasoma, nitakuwa nimemvua nguo mzazi wangu, na kama sitasoma, nitamzika mwingine na jina la ugonjwa. Sikulala vizuri juma hilo.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa ya kumpa jina mtoto wa mwana wa kaka yangu. Mama wa mtoto ni msichana kutoka Port Victoria, binti wa wauza samaki, mwenye mwendo wa haraka na maneno machache. Alikuwa ameolewa kwetu juzi tu, lakini habari za kifua alikuwa ameshapewa, hizo hutangulia hata kabla ya ufunguo wa ghala. Asubuhi hiyo hiyo shangazi alinyoosha mkono kumgusa mtoto, naye akamsogeza pembeni taratibu, "Amelala, shangazi." Mtoto alikuwa macho, anatazama kuku. Sikumlaumu. Ni mtoto wake wa kwanza.

Chungu kikubwa kilikuwa katikati ya ua. Wazee walikuwa wameketi, baba akiwa upande wake wa kawaida, na jirani yetu mzee, yule ambaye baba alimwamulia kesi ya mpaka, akiwa karibu naye. Wanawake wako upande wa jikoni. Shangazi ukutani na chungu chake cheusi. Kabla hawajamwita mtu wa kutia kidole, nilisimama, karatasi mkononi. Nikasema shangazi yangu ana maneno yake, ameniomba niyasome, naomba wazee waniruhusu. Wakadhani ni sala. Mmoja akavua kofia.

Nilisoma. Nayaweka hapa kama alivyoyasema, bila pambo langu hata moja:

"Tulivaa suruali chini ya sketi. Yangu ilikuwa ya kaka yangu, alinipa mwenyewe, akanifungia kwa kamba ya katani kwa sababu kiuno kilikuwa kikubwa. Tulipofika mahali mashamba yanaisha na mianzi inaanza, tulivua sketi tukazitia mikobani. Hakuna aliyesema kitu. Kuanzia hapo tulitembea tofauti.

"Nilichoka. Nilitaka kurudi. Mwalimu alikuwa anatembea mbele na hakugeuka, na watu waliobeba chakula chetu walikuwa na mizigo mizito kuliko yangu na hawakusema wamechoka, basi nikaona aibu nikaenda. Kule juu kuna mimea inasimama kama watu wamejifunika blanketi. Asubuhi nyasi zilikuwa na barafu. Nilizikanyaga zikalia. Sikuwa nimewahi kusikia nyasi zikilia.

"Kileleni hakuna kitu. Kuna mawe na upepo. Nilitafuta kwetu. Niliona jabali la Tororo, lile tunaloliona kubwa kutoka mlangoni, likiwa dogo kama jino. Nikajua kwetu ni hapo kando ya jino. Nilifurahi. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile ndiyo wageni walikaa hapa nyumbani wakaambiwa nimelazwa kifua. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mlimani. Kikohozi nilichorudi nacho kilikuwa cha baridi, kikaisha. Siku ile nilikuwa mzima kuliko siku zote za maisha yangu."

Nilikunja karatasi. Hakuna aliyenyonya mrija. Ungesikia povu la ajono likipasuka chunguni. Sikuthubutu kumwangalia baba, nilimwangalia shangazi, naye alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi anayengoja daftari lake lisahihishwe.

"Soma tena hapo," baba alisema.

"Wapi, baba?"

"Pa suruali."

Nikasoma tena. Suruali ya kaka yangu, alinipa mwenyewe, kamba ya katani. Baba aliweka mrija wake chini, akatafuta fimbo yake, akasimama. Huchukua muda kusimama, siku hizi.

"Suruali ilikuwa yangu," aliwaambia watu. "Na kile kifua pia kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyekisema, mbele ya wazee, mbele ya chungu. Dada yangu hajawahi kuugua kifua hata siku moja."

Yule jirani mzee, ambaye Mungu hakumpa breki ya ulimi, akasema, "Wacha! Kumbe wewe unaweza kudanganya mbele ya chungu?"

"Nilidanganya," baba akasema.

"Na mpaka wa shamba langu?"

"Nenda ukalifukue jiwe. Utalikuta pale nilipokuambia." Hakukasirika. Sijawahi kumwona baba yangu akiwa mdogo kama siku ile, na sijawahi kumpenda vile. "Lakini uko na haki ya kuuliza. Kuanzia leo mtu yeyote ana haki ya kuniuliza."

Akaanza kutembea kuelekea jikoni. Wanawake wakampisha. Alipofika ukutani hakuwa na kiti, na mmoja akakimbilia kumletea, akamkataza kwa mkono, akajishusha chini mwenyewe, akashikilia fimbo kwa mikono miwili, mpaka akakaa kwenye vumbi kando ya kile chungu cheusi. Akauchukua mrija wa shangazi kutoka mkononi mwake. Akautia mdomoni.

"Imepoa hiyo," shangazi alimwambia. "Imebaki machicha."

Baba aliendelea kunywa. Alikunywa mpaka mrija ukalia mtupu, na machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta, mwanamume aliyemzika mke wake bila chozi. Shangazi alimtazama kwa yale macho yake ya ukungu. Akaweka mkono juu ya kichwa chake, juu ya mvi.

"Ulichelewa, kaka," alisema. "Haki ulichelewa sana."

"Najua."

Hakumwambia kwamba si kitu. Nilingoja aseme, kama wanawake wetu wanavyosema kila mara, na hakusema, na nikamheshimu zaidi kwa hilo.

Baba akageuka kutoka pale chini alipokuwa. "Mtoto yuko wapi?" aliuliza. "Mtoto anangoja jina. Aliyestahili kumpa jina yuko hapa."

Wote tukamtazama yule msichana wa Port Victoria. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mtoto kifuani, mikono yote miwili imemkumbatia. Nilijua anachofikiria, kwa sababu ningefikiria hivyo hivyo. Amesikia karatasi moja. Amesikia mzee mmoja akikiri kwamba anaweza kudanganya. Kinyume chake ni kila kitu alichoambiwa tangu aingie katika boma hili. Mume wake alifungua mdomo, na mimi nikamkata jicho akaufunga. Hili halikuwa la kuamuliwa na mtu mwingine.

Alikuja. Hakuja haraka kama kawaida yake. Alipiga magoti mbele ya shangazi, akafungua shuka, akamgeuza mtoto uso juu. Mtu akaleta ajono mpya ya moto kwenye kibuyu kutoka chungu kikubwa. Shangazi aliuliza, "Yuko wapi?" kwa sababu ya macho yake, na msichana akamshika ule mkono, akauongoza mwenyewe. Shangazi akachovya kidole. Pombe ikadondoka shingoni mwa mtoto. Akataja jina, ambalo ni lake mwenyewe na sitaliandika hapa, akakitia kidole mdomoni.

Mtoto alinyonya. Kisha akakunja uso, pombe ikamwenda vibaya, akakohoa.

Akakohoa tena, kikohozi kidogo kikavu cha mtoto mchanga, na nikamwona shangazi akirudisha mkono wake haraka na kuuficha kwenye nguo, vile alivyokuwa ameufundisha mkono huo maisha yake yote.

Msichana wa Port Victoria alimpigapiga mtoto mgongoni mara moja, akamfuta kidevu. Halafu akauvuta mkono wa shangazi kutoka pale ulipojificha, akaurudisha kwenye kibuyu.

"Hajamaliza, shangazi," alisema. "Muongeze."

Na shangazi akachovya kidole mara ya pili.